Maziwa ya Kutafutia Protini

Wazazi wetu walipofariki niliacha shule nikachunga ng'ombe, wadogo zangu wasome. Kwetu, kwenye milima ya Kivu Kusini, kumpelekea mtu maziwa yaliyotolewa mafuta ni kumtukana. Nilihama na imani hiyo hadi Louisville, Marekani, kisha Columbus, nilikopakia makasha ghalani.

Mwaka 2015 nilikwenda Buffalo kumtembelea mdogo wangu wa kike, mwanafunzi aliyekuwa akipimwa kama anafaa kupewa nafasi ya kazi katika maabara. Alitafuta protini moja inayopokea vitamini D mwilini. Hunaswa kwa kingamwili, iliyokaa katika kichupa kidogo kuliko kidole changu, kisha huonekana kama mstari kwenye utando mwembamba kama karatasi. Profesa alitaka kuuona mstari huo Jumatatu, la sivyo nafasi angepewa mwingine.

Jumamosi asubuhi akanipigia simu kutoka maabara.

"Kaka, maziwa ya unga yameisha. Niletee yasiyo na mafuta."

"Unataka kunywa?"

"Kulowekea utando, kingamwili isishike ovyo."

Dukani nikaona aibu. Mtoto wetu akoroge makapi mbele ya profesa? Nikanunua ya unga yenye mafuta yote, nikayamimina katika chombo safi chenye kifuniko, maana maziwa hayaendi ugenini ndani ya mfuko.

Jioni utando ukatoka mweusi wote, kama sufuria ya kuni.

"Bon, kaka, sema ukweli. Haya maziwa ni gani?"

"Ni ya heshima."

"Heshima! Yamechafua kila kitu! Na kingamwili imebaki ya mara moja tu."

Jumapili sikwenda ibadani. Nilinunua yale makapi, nikamkabidhi na pakiti yake, nikaketi karibu na mlango. Mashine ikayumbisha utando ndani ya maziwa.

"Inasuka polepole mno," nikasema.

"Kaka, hatutafuti siagi."

Hatimaye picha ikatokea: mstari mmoja, mwembamba kama kope.

"Ni huo tu?"

"Ndiyo huo!" Akanirukia shingoni.

Jumatatu profesa aliutazama, akamwambia mdogo wangu arudi kesho saa mbili, nafasi ni yake, ila aandike daftarini kilichoharibu utando wa kwanza. Nikamwomba anisomee alichoandika.

"Maziwa yalikuwa na mafuta. Yaliletwa na ndugu."

"Ongeza," nikamwambia. "Ndugu mkubwa."