Mguu wa Afande Juu ya Klachi

Klachi haifi kwa uzee. Nimefungua nyingi kuliko mtu yeyote kutoka Namuwongo mpaka Kamwokya, na nakwambia, iliyokufa kwa uzee nimeiona mara chache sana. Nyingine zote ziliuawa, na muuaji ni mguu wa kushoto wa dereva.

Mimi sikusoma. Shule niliiachia darasa la nne, ng'ambo ile ya mpaka, upande wa Kenya. Nilipovuka kuja Kampala vita vilikuwa vimekwisha na mji umejaa mizoga ya magari iliyosimama juu ya mawe, nyasi zimeota mpaka ndani ya viti. Wengine waliona takataka. Mimi niliona shule, tena shule isiyo na karo wala mwalimu wa kunichapa. Nikafungua gari moja baada ya jingine mpaka nikajua kila skrubu inalala wapi. Leo gereji yangu iko kando ya reli pale Namuwongo, ina bati jipya na shimo la saruji la kusimama chini ya gari, na fundi wa bonde lile ambaye hakupita mikononi mwangu alipita mikononi mwa mtu niliyemfundisha mimi. Wanaosema najivuna, waje waoneshe lao.

Ukutani niligongomea misumari nikatundika sahani za klachi zilizoungua, kama watu wengine wanavyotundika picha za harusi. Mteja akija kulalamika namwonesha yake. Sahani yenyewe ni kitu rahisi: duara la chuma lililovishwa kitambaa kigumu, limebanwa kati ya injini na gia. Ukikanyaga pedeli, linaachia. Ukitoa mguu, linashika, na gari zima linakwenda kwa kushika huko. Lakini ukiweka mguu nusu, hujakanyaga wala hujatoa, sahani haijui ifanye nini. Inasuguana tu, inapata moto, inatoa harufu kama kwato ya ng'ombe inayochomwa. Kuna dereva anayepumzisha mguu juu ya pedeli njia nzima, kama amekaa sebuleni kwake. Kuna anayeondoka na gia ya pili kwa uvivu. Halafu kuna anayezuia gari mlimani kwa klachi na mafuta, eti breki ya mkono ni ya watu waoga. Kampala ni mji wa vilima. Huyo wa mwisho ndiye aliyenijengea nyumba.

Kati ya hao wote, mmoja tu ndiye aliyenisumbua akili.

Alikuwa sajini mstaafu, mtu wa kaskazini, aliyeendesha malori ya jeshi miaka yote ya vita vya huko kwao. Tulimwita Afande. Alikaa Mbuya na mkewe, askari polisi aliyekuwa bado kazini, mama mrefu ambaye sikuwahi kumsikia akipaza sauti. Jeshi lilipomwachia, Afande alinunua saluni nyeupe ya Kijapani akaanza kubeba abiria wa kukodi, kazi tunayoiita spesho, na kituo chake kikawa Kamwokya karibu na soko. Klachi ya kwanza ikaungua. Nikaweka mpya. Mpya nayo ikaungua kabla mvua za msimu ule hazijaisha, nikaweka nyingine. Halafu siku moja naona saluni ile ile inakuja inakokotwa kwa kamba, Afande kimya kwenye usukani, mkewe amekaa nyuma na sare zake.

"Fundi," mama akasema hata kabla hajafunga mlango, "hii gari inakula klachi kama mtoto anakula ndizi. Shida ni gari, ama shida ni wewe?"

"Mimi tena, mama?"

"Unatuwekea mpya, ama unatuwekea kuukuu umepiga brashi?"

Gereji nzima ikaacha spana. Katika mji huu nimeitwa mengi, mgeni, mchafu, mdomo mrefu, lakini mwizi wa spea hakuna aliyewahi kuniita.

"Mama, hapa hata nati kuukuu siuzi bila kusema ni kuukuu."

"Sawa. Basi weka hii ya mwisho. Ikiungua tena, nauza gari, na huyu anarudi nyumbani kulima simsim na ndugu zake."

Afande aliinamisha kichwa akaangalia buti zake. Alikuwa bado anavaa buti za jeshi, zimepigwa rangi mpaka zinang'aa. Sote tulijua maneno yale yana maana gani. Aliingia jeshini akiwa kijana mdogo. Jembe alilijua kwa macho tu, usukani ndio uliokuwa shamba lake. Na mkewe asingeacha kazi ya serikali kumfuata. Gari likiuzwa, yule mzee anapanda basi peke yake, na nyumba ya Mbuya inabaki na mtu mmoja.

Klachi ilipokwisha kuingia nikamwambia, "Afande, leo naenda na wewe. Nataka kuona unavyoendesha." Akanitazama kama kuruta aliyeomba kumkagua jenerali, lakini akanifungulia mlango.

Kuendesha alijua, hilo sitamnyima. Mashimo aliyakwepa hivi kwamba hata kikombe cha chai kisingemwagika. Gia ziliingia kimya. Nikaanza kujiuliza kama kweli spea zile ndizo mbaya. Halafu tukaanza kupanda Mbuya na pale katikati ya mlima tukakuta foleni. Magari yamesimama, na la kwetu limesimama nayo, ila linatetemeka kama mbuzi aliyeshikwa kamba shingoni. Nikachungulia chini. Buti la kushoto liko juu ya klachi, nusu. Buti la kulia linalisha mafuta. Na harufu ya kwato ikaanza kuingia polepole.

"Afande, vuta breki ya mkono. Weka gia fri, toa mguu."

"Fri?" Akacheka kwa pua. "Fundi, wewe nataka kufa?"

"Nani anakufa? Hii ni foleni ya watu wanapeleka mkate nyumbani."

"Mimi hapana weka fri barabarani."

"Kwa nini?"

Macho yake yalikuwa yanatoka kwenye kioo cha kushoto kwenda cha kulia, na kurudi. "Sisi kule, lori ikisimama, gia moja iko ndani," akasema. "Injini hapana zima. Mguu iko kwa klachi. Risasi ikilia tu, unaachia, lori inaruka. Ule aliweka fri, ule alianza kutafuta gia..." Akaishia hapo. Foleni ikasogea kidogo, naye akasogea nayo. "Na breki ya mkono, unajua ya lori yetu ilikuwa nini? Jiwe. Mtu anashuka anaweka jiwe kwa tairi. Sasa nani atashuka?"

Mpaka juu ya mlima nikawa naangalia lile buti tu.

Kumbe nilikuwa nabadilisha sahani wakati ugonjwa uko kwenye mguu. Na mguu uliofundishwa na risasi hausahaulishwi na maneno ya mtu mwenye mikono ya grisi. Ule mguu ulitaka kuoneshwa, si kuambiwa, kwamba gari linaweza kusimama mlimani bila wenyewe kulishika. Basi nikafanya ninavyofanya siku zote, nikaanzia kwenye chuma. Nikambadilishia waya wa breki ya mkono, nikaukaza mpaka nikajua kwamba hata ungeliegesha gari lile kwenye ubavu wa Elgon lisingerudi nyuma. Kisha nikamwambia tukutane Mbuya siku ya Jumapili baada ya ibada, wakati mlima umetulia, na aje na mama.

Nilikwenda na gari langu. Lazima nikwambie habari za gari lile. Lilikuwa jekundu kama damu ya mzee, gari la kwanza nililonunua likiwa zima linatembea, si mzoga niliofufua. Nililiosha kwa mikono yangu mwenyewe na hakuna fundi wangu aliyeruhusiwa hata kuliegemea. Afande alipokwisha kusimama katikati ya mlima, nikalileta nyuma yake mpaka kati ya bampa na bampa pakabaki nafasi ya mkono mmoja. Nikazima, nikashuka.

"Fundi, nini hii?" akaniuliza dirishani.

"Hapo nyuma ni jasho langu lote, Afande. Vuta breki, weka fri, toa mguu. Gari yako ikirudi, inagonga yangu. Unaona kama naogopa?"

"Wewe ni mwendawazimu."

"Mwendawazimu anayejua breki aliyoifunga."

Alivuta breki. Gia akaitoa, polepole, kama mtu anayetoa mkono kwenye shimo la siafu. Lakini mguu ukabaki pale pale juu ya klachi. Nikamwambia autoe. Akasema ameutoa. Nikainama nikaona buti limeinuka kidogo tu, linaelea juu ya pedeli. Na lile buti lenyewe nalo lilikuwa adui. Soli yake nene kama tairi, mguu ulio ndani yake hauwezi kusikia klachi inashika wapi na inaachia wapi.

"Vua buti, Afande. Endesha na soksi leo."

Hapo ndipo uso wake ulipofungika. "Askari hapana vua buti barabarani."

Mkewe, aliyekuwa nyuma na gauni lake la ibada, akasema, "Nyumbani si unavua?"

"Nyumbani iko na mlango."

Nilikuwa na mengi ya kusema na kwa bahati nzuri nilichelewa kuchagua. Mama akafungua mlango akashuka. Nikadhani amechoka na sisi, anakwenda zake, na gari limekwisha kuuzwa. Akapita mbele ya gari, akasimama katikati ya barabara ametugeuzia mgongo, mikono nyuma, miguu imepanuliwa, na akaangalia juu, huko mlima unakoishia. Wawili wale mara nyingi waliongea lugha ya kwao mbele yangu. Maneno aliyoyasema pale aliyasema kwa Kiswahili, lugha ya kambini, kwa sauti ya gwaride.

"Sajini! Nimekuja kupokea lindo."

Mimi si mtu wa bunduki, lakini nimekaa karibu na watu wa kambi vya kutosha kujua. Askari aliye kwenye lindo hapumziki kwa kuambiwa apumzike, wala na mkubwa, wala na rafiki. Anapumzika pale mwenzake anapokuja kusimama mahali pake na kulisema neno hilo. Nani alimpokea Afande huyu tangu atoke kule? Nadhani hakuna. Alikuwa bado zamuni.

Aliutazama mgongo wa mkewe kupitia kioo cha mbele. Midomo yake ikasogea kabla ya sauti kutoka.

"Lindo salama. Hakuna kitu ya kuripoti."

"Nimepokea. Pumzika."

Akainama, akafungua kamba, ya kushoto kwanza. Buti moja, buti la pili, akaziweka kwenye kiti cha pembeni. Kisha akaweka nyayo zake zote mbili chini, kwenye mpira wa sakafu, mbali na pedeli. Gari halikusogea hata unene wa kucha. Bodaboda akapita akatuzomea, "Mmefungua ofisi barabarani, bassebo, mabwana wakubwa?" Afande alikaa, mikono mapajani, akaangalia nyumba za upande wa pili kana kwamba zimejengwa asubuhi ile. Mama hakugeuka. Mimi nilisimama kati ya magari mawili nikalisikia jekundu langu likipoa, injini ikilia ti, ti, ti.

Baadaye kazi ilikuwa rahisi, kazi ya ufundi tu. Achia klachi mpaka pua ya gari iinuke kidogo, hapo imeshika. Shusha breki ya mkono. Nenda. Tulipanda na kushuka mlima ule mpaka soksi zake zikatoboka, na mara moja tu alizima gari, akacheka mwenyewe, safari hii kwa mdomo. Mama aliporudi kukaa, alikaa mbele, akazipakata buti.

"Fundi," akaniambia, "yale niliyosema juu ya spea kuukuu, yaache."

"Nimeyaacha, mama. Lakini gari je?"

"Gari tutaona."

Siku za mapumziko ya mama nilimwona akizunguka na Afande kwenye ile spesho, kiti cha mbele, sare au gauni. Walipokwama mlimani mama alisema neno lile la lindo kwa sauti ndogo, abiria wakadhani wanasali. Watu wakaniuliza nilimpa Afande dawa gani. Nikawaambia ukweli: nilihatarisha gari jekundu, na kama kuna fundi mwingine Kampala aliyewahi kuweka gari lake mwenyewe nyuma ya mteja, mleteni tusalimiane.

Misimu ya mvua ikapita, na saluni nyeupe ikawa inakuja kwangu kumwaga oili tu. Halafu jioni moja nilikwama Kamwokya, kwenye mteremko wa sokoni, magari yamefungana mpaka watu wanashuka kutembea. Upande wa pili, akipanda, nikamwona Afande. Yuko peke yake na abiria wake, mama hayupo. Gari limesimama kwenye mlima, halitetemeki. Nikapiga honi nimsalimie, lakini hakusikia. Alikuwa ameshika hindi la kuchoma kwa mikono yote miwili, analila taratibu, punje kwa punje, na nyuma yake watu wanapiga kelele wakitaka asogee.