Mkaushaji wa Ndagala Aliyekatazwa Jua

Jua bado liko nyuma ya milima ya Burundi, ng'ambo ya ziwa. Kwenye mchanga wa Kalundu, kusini kidogo ya mji wa Uvira, Eliane Mapendo anatandaza ndagala, dagaa wa ziwa hili, juu ya nyavu kuukuu bila kunyanyua kichwa. Mitumbwi imefika sasa hivi. Samaki wangali wanang'aa.

"Eliane! Mbingu imeanza kuwa nyekundu," anaita Laurette, mwenzake wa kazi. "Toka huko!"

"Acha minye nimalize hii beseni moja, yaya," anajibu Eliane, akimwita dada mkubwa kwa heshima.

"Kila siku beseni moja! Weye unabishana na jua kama vile ni bwana yako."

Wanawake walio karibu wanacheka. Eliane naye anacheka, lakini anatii. Anashusha ukingo wa kofia yake pana, anavuta mikono ya blauzi hadi vidoleni, kisha anapanda njia ya kwenda nyumbani. Miale ya kwanza inapogusa mchanga, yeye hayupo.

Eliane ana miaka arobaini na moja na ana ualbino. Amekausha ndagala tangu usichana wake, na hiyo ni kazi inayotaka jua kali. Mwaka jana alitolewa saratani ya ngozi nyuma ya shingo. Wiki tatu zilizopita, daktari aliyempasua alipapasa uvimbe mdogo chini ya taya lake, akakata kipande kikapimwe. Jibu linatarajiwa leo, kwa simu.

"Kama ile ugonjwa ilitembea, njo basi, njo mwisho yangu," anasema, akiwa ameketi ndani ya nyumba yake ya matofali, mlango umeegeshwa. "Kama haikutembea, nitaishi. Ni hiyo tu niko nangojea."

Mkaushaji wa samaki huinama kutwa, na shingo yake ndiyo inayotazama jua. Eliane alikuwa akifunga kitambaa kichwani, shingo ikabaki wazi. Tena kamba ya kapu lake ilimchubua mahali palepale kila siku. Mchubuko ukawa kidonda, na kidonda kikakaa karibu miaka miwili bila kupona.

Yeye mwenyewe hakuweza kukiona. Laurette ndiye aliyekuwa macho yake.

"Ilikuwa inatoka mayi," anakumbuka Laurette, mama aliyepita miaka hamsini. "Sasa sisi tunajua nini? Ndagala ikianza kulegea, unaimwangia mayi ya chumvi, unairudisha kwa jua, haiozi. Tukasema hata kidonda iko vile."

Basi kila mchana Eliane aliketi juu ya beseni lililopinduliwa, kichwa magotini, na Laurette akammwagia maji ya chumvi shingoni. Kisha wakangoja jua likaushe. Eliane alilia kwa uchungu. Laurette alimpepea kwa kipande cha kitenge na kumtania ili asahau maumivu.

"Alikuwa ananiambia: vumilia, ukikauka vizuri nitakuuza Bukavu kwa bei ya juu," anasema Eliane, na kicheko kinamtoa machozi.

Yalikuwa mapenzi matupu, na mapenzi hayo yalikuwa yakimdhuru.

Daktari Herménégilde, aliyempasua katika hospitali moja ya Bukavu, anaeleza kwa subira. Weusi wa ngozi ni kinga. Kwa asiye nao, miale ya jua hupenya na kuharibu maagizo ambayo kila chembe ya ngozi hubeba ndani yake, yale yanayoiambia lini izaliane na lini iache. Mwili hurekebisha mengi, lakini si yote.

"Sasa ongeza kidonda kisichopona," anasema. "Mahali pale panabaki pekundu, pana joto, pamevimba. Mwili unatuma askari wake kila siku, na silaha za askari hao zinaumiza hata chembe zilizo nzima. Wakati huohuo ngozi inatengeneza chembe mpya haraka haraka ili izibe kidonda. Zile zenye kosa zinaongezeka pamoja na zingine. Jua linaleta kosa, kidonda kinalilea."

Si kila kidonda kinageuka saratani, anaongeza. Lakini kidonda kisichofunga kwa wiki nyingi kinapaswa kuonwa na daktari, na hata mtu mweusi mwenye kovu la moto linalofunguka na kufunga miaka nenda rudi asilidharau.

Aliyegundua kwamba tiba yao ni kosa ni Laurette mwenyewe. Siku moja alibonyeza gamba gumu lililokuwa pembeni mwa kidonda, na damu ikatoka chini yake.

"Samaki inakauka mpaka ndani," anasema. "Hii ilikuwa imekauka juu tu. Nikaogopa. Nikamwambia, leo tunaacha kila kitu hapa, tunaenda kwa muganga wa hospitali."

Ndagala wa siku ile waliharibika. Nauli ya Bukavu ilitoka kwenye likelemba, ule mchango wa zamu wa akina mama wa pwani. Ilikuwa zamu ya Laurette, naye alikuwa ameipangia mabati.

Tangu upasuaji, Eliane hupokea samaki alfajiri na kuwakusanya jioni. Laurette huwageuza mchana. Faida ya siku njema, kama faranga elfu kumi na tano, wanagawana sawa. Wapo wanaomuuliza Laurette kwa nini ampe nusu mtu anayekaa ndani mchana kutwa.

"Nawajibu: weye, nani alikuuliza?"

Karibu saa tano simu inalia. Laurette amekimbia kutoka pwani, mikono ikinuka samaki, ndagala wameachiwa kunguru. Eliane anafungua sauti ya nje.

"Mama Eliane, umeketi?" anauliza daktari.

"Nimeketi, dokta."

"Hakuna saratani. Ile tezi ya chini ya taya ilivimba tu kwa maambukizi, na dawa ipo."

Eliane anaikodolea simu macho. Laurette amepiga magoti, amemkumbatia shingoni polepole, mkono wake ukiwa kando ya kovu.

"Sema tena, dokta," Laurette anasema. "Huyu hasikiaka vizuri."

Daktari anarudia. Kisha anakumbusha: kupimwa kila miezi mitatu, na jua la mchana marufuku.

Simu inapokatika, Eliane anajipangusa uso na kuanza kusema mipango yake. Nguzo nne tayari ziko nyuma ya nyumba. Anataka kujenga banda la matete pale pwani, paa lake lishuke chini, kwa sababu mchanga na maji navyo hurudisha mwanga. Kofia na mikono mirefu vitabaki. Fundi atamtengenezea reki ya mpini mrefu, ageuze samaki akiwa kivulini.

"Kazi si njo inanisumbua sana," anasema. "Ninakosa ile saa sita. Pale njo bamama wanakaa, wanasemana, wanacheka. Laurette ananiletea habari mangaribi, lakini anaanzaga na mwisho."

"Uongo!" Laurette anadakia.

"Anaanzaga na mwisho, kisha anacheka yeye peke yake," Eliane anaendelea. "Banda ikisimama, nitakaa katikati yao. Mutu akifungua kinywa tu, minye niko pale."