Jino la Mama Yake

Tulitoka Werugha kwa sababu ya jino moja dogo nililokataa ling'olewe kwa miaka miwili. Binti yangu Wakesho ana miaka kumi na minne, lakini jino lake la chonge la utotoni lilikuwa bado mdomoni. Marehemu mke wangu, Mghoi, alikuwa na lile lile, upande ule ule, mpaka tulipomzika. Shuleni walipopima watoto meno, wakaniandikia nimpeleke kwa daktari. Barua niliificha kabatini. Wakesho akicheka nilimwona mama yake. Ningelipeleka likang'olewe kwa hiari yangu?

Saa kumi na mbili asubuhi tulipanda pikapu ya jirani anayepeleka kabeji sokoni Voi. Wundanyi kulikuwa na ukungu, Mwatate, chini kwenye joto, tukavua sweta. Dereva alimtania Wakesho kwamba atarudi na meno ya mtangazaji wa runinga. Alicheka, mkono mdomoni. Nilidhani anaona haya tu.

Voi, saa nne. Daktari, mama mmoja mpole, alituonyesha picha ya eksirei. Jino la chonge la ukubwani lilikuwa limelala ndani ya ufizi, limeegemea mzizi wa jino la jirani. Kama lile dogo lingetolewa mapema, alisema, huenda kubwa lingeshuka lenyewe. Sasa atang'oa dogo leo, kisha siku nyingine apasue ufizi, abandike cheni ndogo kwenye lile kubwa na kulivuta kwa waya polepole, mwaka na zaidi. Tukichelewa tena, la jirani nalo litaharibika. Akanipa karatasi ya kutia sahihi. Nilishika kalamu nikashindwa kuandika.

"Baba," Wakesho akasema, "mimi shuleni hufunika mdomo. Hilo jino ni wewe unalitaka."

Nilitia sahihi. Nikatoka nje nikalia, maana nilimtamani Mghoi kuliko siku ya mazishi.

Saa tisa tulianza kupanda milima kurudi nyumbani. Wakesho alikuwa ameuma pamba, amekatazwa kuongea. Akachukua simu yangu akaandika: Mama alikuwa mtu wa aina gani?

Mama yake alifariki yeye akiwa na miaka mitatu. Miaka yote hii nilikuwa namtazama mtoto mdomo, na sikuwahi kumsimulia lolote. Nikaanza kuanzia siku nilipomwona mara ya kwanza, akiuza maziwa Wundanyi. Tulipofika Werugha nilikuwa bado sijafika kwenye harusi.