Samaki Aliyedungwa Tumboni

Nilipokuwa mtoto kule Rexdale, ughaibuni, kila majani yalipoanza kupukutika baba alitushusha mtoni Humber kuvua samoni. Samaki hawa hutoka ziwani wakapanda mto kutaga, na wakiwa safarini hawali. Chambo wanakipita tu. Basi baba na wenzake walitumia ndoana kubwa ya meno matatu, tupu: unairusha katikati ya kundi, unaivuta kwa nguvu, imchome samaki popote itakapompata. Ni marufuku, na kila mtu pale alijua.

Mwaka huo mama alikuwa mjamzito. Bibi, mzaa baba, alikuwa amekuja kutoka Mara kumpokea mjukuu. Akafuatana nasi mtoni, amevaa koti la baba. Baba akavuta jike moja kubwa, ndoana imemzama tumboni, mayai mekundu yakamwagika juu ya mawe.

"Wewe!" Bibi alifoka. "Mkeo ana mimba, nawe unamtoboa mzazi tumbo?"

"Mama, samaki tu huyu."

"Aliyeuma chambo kajitakia. Huyu kakuuma nini? Ningu wetu kule ziwani tuliwamaliza hivi hivi, tukiwavizia mlangoni mwa mto wakienda kuzaa. Utaona. Nyumba yako italia."

Baba alicheka. Jioni tulimla yule samaki kwa ugali, bibi akala wake kwa mchicha.

Theluji haijaanguka, mimba ikatoka. Alikuwa mtoto wa kiume. "Si nilisema?" bibi akasema, mama angali kitandani, na mimi nikamchukia kwa neno hilo. Namchukia kwalo mpaka leo, Mungu anisamehe. Baba aliivunja fimbo yake ya kuvulia gotini, na hakurudi tena mtoni.

Nilipopata mimba yangu ndipo mama aliponiambia. Siku zile alikuwa akiinua maboksi katika ghala moja karibu na uwanja wa ndege. Aliomba kazi nyepesi, msimamizi akamwambia asiyeweza aende zake nyumbani. Akaendelea kuinua. Kuhusu samaki, bibi alisema kweli: kumdunga kiumbe asiyekuuma, njiani akienda kuzaa, si uvuvi, ni unyama. Lakini mtoto? Ah! Wenye ghala hakuna aliyewaapiza.

Nikamwendea baba. "Baba, hakuwa samaki. Yalikuwa maboksi."

Alikisukuma kando kikombe chake cha chai.

"Najua," akasema. "Niachie samaki wangu, mwanangu. Yule nilimuua kwa mkono wangu, naweza kumwomba Mungu toba. Lakini mama yako nilimpeleka ghalani kila siku, kwa gari langu, nikimhimiza asichelewe. Hilo nitamwomba nani?"

Tangu hapo sijamtajia tena maboksi. Majani yakipukutika, namwacha amlilie samaki.