Nilivyochagua breki za gari la kuvutwa nyuma ya motorhome, baada ya kumwangusha mama mkwe chooni

Wakuu, poleni na mihangaiko.

Humu mimi ni msomaji wa kimya miaka yote, leo nimeamua kujianika. Haya yamenipata mwenyewe. Shahidi ni mama mkwe wangu, na mkimuuliza yeye atawasimulia vibaya zaidi yangu.

Mnijue kwanza. Mimi ni Mrundi, nimekulia kambini Kigoma, sasa nipo Louisville, napanga mizigo warehouse. Mke wangu Esperance ni Mkongomani wa Uvira. Mama yake tunaishi naye.

Kiangazi cha 2015, mdogo wake Esperance, anaitwa Furaha, alikuwa anaolewa Buffalo.

Sasa hii harusi haikuwa ya mchezo. Yetu sisi mama mkwe aliikosa, alikuwa bado kambini anasubiri makaratasi. Tulimrushia kwa simu, mtandao ukakatika kabla ya pete. Mpaka leo anasema hana uhakika kama tumeoana.

Kwa hiyo hii ya Furaha aliapa ataiona kwa macho yake.

Shida ni magoti. Hawezi kukaa kwenye kiti cha gari masaa yote hayo. Na ndege hapandi tena tangu ile iliyomleta Marekani, anasema ilimtikisa hadi roho ikahamia upande wa kulia.

Ndipo nikapata akili, tuseme ni akili. Kazini kulikuwa na mzee wa Kimarekani anauza motorhome yake. Kwa wasioijua, ni basi lenye nyumba ndani: kitanda, jiko, choo. Nikalichukua.

Nyuma nikafunga kagari ketu kadogo ka manual, matairi yote manne yakiwa chini, kanavutwa kwa chuma. Maana huko Kenmore, pembeni ya Buffalo, kwa bwana harusi, vile vichochoro huwezi kuvizunguka na nyumba nzima mgongoni. Na Esperance leseni alikuwa hana bado, kwa hiyo hakuna wa kukaendesha.

Yule mzee akaniuliza, "Breki za hilo gari la nyuma umepanga nini?"

Nikamjibu basi lina breki kubwa, zinatosha.

Akaniangalia kama anasoma tangazo la msiba wangu.

Tukaondoka Louisville asubuhi, tunaelekea Columbus kwanza kumchukua Bahati, kaka yake Esperance. Barabara safi. Mimi nimevaa miwani ya jua, najiona rubani.

Wanaoijua hiyo njia wanajua kile kiteremko cha kushuka mto Ohio, kabla hujaingia Cincinnati. Kirefu, kina kona, na malori kila upande.

Katikati ya mteremko mama mkwe akaamua aende chooni. Esperance akamwambia angoje. Mama mkwe hangojagi.

Mbele yetu taa nyekundu zikawaka, foleni imesimama. Nikakanyaga breki.

Wakuu, basi lilipungua kidogo tu, halafu nikasikia kitu kinanisukuma mgongoni. Ni kale kagari. Tani moja na zaidi, hakana breki, kanateremka kwa raha zake na kanatusukuma kama deni. Nilikanyaga kwa miguu yote miwili. Mbele kuna lori la maziwa, linakua, linakua, mpaka nikaanza kusoma maandishi madogo ya mlangoni.

Tukasimama. Kati yetu na lile lori usingepitisha sinia.

Nyuma nikasikia puu!

Mlango wa choo ukafunguka taratibu. Mama mkwe amekaa chini, kitenge kichwani badala ya kiunoni, kashika karatasi ya choo kama bendera. Esperance akamkimbilia. Hakuumia, namshukuru Mungu, akafunga kitenge upya, akakaa hadi tulipopata mahali pa kusimama.

Kisha akauliza, kwa upole uliozidi:

"Bon, mukwe. Ile gari ya nyuma iko na breki ama haina?"

"Haina, Mama."

"Donc tulikuwa tunavuta kifo na kamba, na miye niko mu choo."

Nikashuka kukagua kile chuma. Esperance akanifuata, akanishika bega tu, na hiyo iliniuma kuliko kutukanwa.

Tukafika Columbus mwendo wa kinyonga. Bahati anakaa mtaa wa Clintonville. Mama mkwe akashuka, akakaa kwenye ngazi za mlango, akatangaza kwamba hapandi tena mpaka gari la nyuma liwekewe breki. Harusi ilikuwa siku tatu mbele.

Bahati ni mtu anayejua kila kitu. Akanichambulia aina mbili.

Ya kwanza ni boksi. Unaliweka sakafuni mbele ya kiti cha dereva kwenye gari la nyuma, lina mkono unaobana pedali ya breki. Ukifunga breki mbele, boksi linahisi, linakanyaga pedali. Linafungwa dakika kumi.

Ya pili inafungwa na fundi moja kwa moja ndani ya gari, waya zinakwenda hadi kwenye basi. Inachukua karibu siku nzima.

"Beau-frère, kamata boksi," Bahati akasema, ndivyo anavyoniita shemeji. "Rafiki yangu iko nayo, haitumiki. Fundi ni ya nini? Sisi si batu?"

Na mimi, baada ya yote yale, nikakubali. Nilitaka kitu chepesi. Maelekezo tuliyatazama picha tu.

Ijumaa asubuhi tukaondoka, Bahati kando yangu. Mama mkwe alikwenda chooni kabla hatujawasha injini, akasema hanywi maji hadi Buffalo.

Tumeipita Cleveland, tunakaribia Erie, lori likatupita linapiga honi. La pili nalo. Nikawapungia mkono.

Bahati akatazama kioo. "Beau-frère, hii moshi ni ya kwetu?"

Ilikuwa ya kwetu.

Tulipoingia rest area, pale pa kupumzikia madereva, magurudumu ya mbele ya kagari yalikuwa yananuka kama nywele zilizoungua. Kumbe kiti tulikisukuma mbele sana, kikawa kinalisukuma boksi, boksi linasukuma pedali. Kagari kametoka Columbus kamefunga breki njia nzima! Nikajaribu pedali, ikazama hadi chini, breki zimeungua.

Safari ya kwanza hakakuwa na breki. Ya pili kalikuwa na breki tu.

Hapo ndipo nilipokaa kwenye nyasi. Nilifikiria ule mtandao ulivyokatika, na mama wa watu anavyonitegemea. Mama mkwe akaja taratibu na magoti yake, akasimama juu yangu.

"Simama, mukwe. Ita batu bakamate hii chuma. Miye niko naenda kuona mutoto yangu."

Nikaita breakdown, lori la kubeba magari mabovu. Bahati akaondoka nalo hadi gereji moja Cheektowaga, karibu na Buffalo, kama adhabu, amebanwa na dereva anayetafuna tumbaku. Sisi tukaendelea na basi tupu, jepesi, linasimama ukiligusa tu.

Jumamosi mama mkwe alikaa kiti cha mbele kabisa kanisani. Pete ilipovishwa alipiga kigelegele kabla mchungaji hajamaliza sentensi. Furaha akaangua kilio, Esperance naye, na mimi nilikuwa na mafua siku hiyo, basi.

Jumatatu nikaenda gereji. Fundi alikuwa mama mmoja wa Kimarekani. Akaniambia boksi si baya, ubaya ni mtu asiyesoma maelekezo. Akauliza nitavuta mara ngapi kwa mwaka, na nani atakuwa anafunga.

"Mimi na shemeji," nikasema.

"Basi chukua ya kufungwa moja kwa moja."

Akaweka breki mpya na ule mfumo. Kuna kamba ya dharura pia: gari likichomoka, kamba inavuta swichi, breki zinashika zenyewe. Na kwenye dashibodi ya basi akaweka kataa kadogo, kanawaka breki za nyuma zinaposhika.

Mama mkwe alipoelezwa kazi ya kale kataa, akamtoa Bahati kiti cha mbele. Tangu Buffalo hadi Columbus alikuwa anatangaza:

"Imeshika... imeachia. Imeshika... imeachia."

Kakiwaka sekunde moja zaidi, ananipiga kofi la paja.

Nilichojifunza wakuu: gari la nyuma ni lazima liwe na breki zake, hata liwe dogo vipi. Boksi linafaa kama una subira ya kusoma na kuangalia kila unaposimama. Kama unajijua mvivu kama mimi, kaa mbali nalo, mpe fundi.

Wale mnaovuta, mnatumia ipi, na imewahi kuwaaibisha? Semeni tu. Mkitaka kunitukana nendeni kwenye foleni, mbele yenu yupo mama mkwe na hajamaliza.