Mwisho Niliouuza kwa Mahindi Mawili

Filamu ile ilitugharimu debe la maharage, mahindi mawili ya kuchoma na baba mdogo mmoja. Nimepiga hesabu mara mbili, na mara zote huyo wa mwisho ndiye anayenishinda kulipa.

Nisingeikumbuka kama si gesti ya Katesh. Juzi nilishuka kutoka Mbulu na magunia ya vitunguu saumu, nikatajiwa chumba cha elfu kumi na tano. Nikawaonyesha kwamba rimoti haina betri na mlango unalia, wakashuka hadi kumi na mbili. Nikawasha TV kwa kidole, na hapo, rafiki yangu, akatokea yule mkuu wa polisi wa mji mdogo: koti la kahawia, macho mekundu, chupa kwenye droo. Nikakaa kitandani na viatu vyangu.

Mara ya kwanza nilimwona Endasak, kwa muuguzi wa zahanati, mtu wa kuja, mwenye TV ya betri ya gari. Bibi alimpelekea debe la maharage ili betri ichajiwe. Jumapili baada ya ibada tulijazana sebuleni kwake, maandazi yakinukia pamoja na spiriti ya sindano. Filamu ilikuwa imetiwa Kiswahili, nami nilikaa miguuni kwa bibi nikimgeuzia kwa Kiiraqw, maana Kiswahili chake kiliishia sokoni. Alimpenda yule mkuu. Mke amemkimbia, anakunywa, mji unamcheka, na kuna msichana ameuawa.

"Waulize kama amekula," bibi aliniambia.

"Bibi, hiyo ni picha."

"Kwani picha haili?"

Kila walipomsaka muuaji msituni, mdogo wa yule mkuu ndiye aliyetangulia na tochi. Mkuu akaanza kumtazama kwa jicho la pembeni. Hapo hapo picha ikasinyaa, ikawa nukta, ikazimika.

"Poleni jamani, betri," muuguzi akasema. "Jumapili ijayo." Lakini CD ilikuwa ya kukodi, na siku ya mnada ikarudi Katesh.

Bibi hakuweza kungoja. Jioni ile, jikoni, aliniuliza, "Wewe si ulinong'ona na muuguzi? Nipe mwisho, nikuchomee hindi."

"Mawili," nikasema. Nilikuwa na miaka tisa, biashara nilishaijua.

Akaweka mawili kwenye makaa, nami nikautoa mwisho kichwani mwangu: muuaji ni yule mdogo mtu. Bibi akayageuza mahindi, kisha akasema, "Ndiyo. Anayetafuta sana anajua alipoficha."

Mimi nikatafuna. Haikunijia kabisa kwamba wiki hiyo dume letu la kulimia lilikuwa limepotea, na aliyelitafuta kuliko wote, mpaka nyayo zikapasuka, ni baba mdogo.

Asubuhi alikuwa anakamua. Bibi akamwambia maneno yaleyale.

"Mama, mwizi wako ni mimi?"

"Sijataja mtu."

"Umetaja."

Akaweka kibuyu chini taratibu, maziwa yasimwagike, akachukua fimbo na shuka, akaenda Getanuwas kuchunga ng'ombe wa watu. Baada ya mvua, wakata majani walikuta mifupa ya dume korongoni, kengele bado ipo shingoni. Bibi alituma watu mara mbili kumwita. Alijibu kwamba ana mifugo ya kuangalia. Siku tuliyomzika bibi alikuja, akasimama karibu na uzio, akaondoka kabla ya chakula.

Muuguzi alishahamishwa. Palipokuwa na jiko la bibi sasa pana mahindi. Wanangu hutazama filamu kwenye simu, kila mmoja na yake, na hakuna anayehitaji kugeuziwa.

Pale gesti niliitazama mpaka mwisho. Muuaji alikuwa daktari wa mji. Yule mdogo mtu alitangulia na tochi kwa sababu kaka yake alikuwa mlevi na angeanguka. Mkuu anakwenda kwa huyo mdogo wake, anagonga mlango, na filamu inaisha haujafunguliwa.

Baba mdogo bado yuko Getanuwas, mzee sasa. Bodaboda nimeshapatana naye, blanketi nimenunua, zito, bila kuomba nipunguziwe. Anajua mama yake alimshuku. Hajui nani alimpa mama yake lile neno. Nikinyamaza, bibi anaendelea kubeba deni langu huko aliko. Wewe umeishi na watu, nishauri: nikishamwamkia shikamoo, neno linalofuata ni lipi?