Skafu ya Mjomba Kwenye Gunia la Mitumba

Mwezi uliopita niliingia duka moja la nguo Mwanza kujikinga na mvua, nikakuta kofia za kufuma zimepangwa kwenye rafu kama mikate. Binti wa dukani alikuwa mchangamfu, akanipa moja nishike. "Hizi ndizo za kisasa, dada," akasema. "Uzi wake hauharibu mazingira. Wanachukua nguo zilizotumika, wanazifumua, wanafuma upya." Kabla sijauliza hata bei niliipeleka ile kofia puani, nikainusa. Kisha nikaigeuza ndani nje na kuanza kutafuta mahali uzi ulipoungwa. Binti akanitazama kwa jicho la kumtazamia mwizi. Sikumlaumu. Nimelelewa na mwanamke aliyenusa kila sweta lililoingia nyumbani kwake, na ukiwa na nafasi nitakusimulia ilikuwaje.

Bibi yangu mzaa mama alikaa Nyarero, kule juu Tarime, ambako asubuhi ukungu unashuka hadi mlangoni na ng'ombe wanatoka zizini wakifuka moshi. Baridi hiyo ndiyo iliyokuwa shamba lake la pili. Alinunua masweta yaliyochoka, yale ambayo muuza mitumba ameshakata tamaa nayo, akayafumua, akafuma skafu na maboshori, zile kofia za kufunika mpaka masikio. Sindano zake zilikuwa spoku za baiskeli zilizonolewa kwenye jiwe. Kazi yangu nikitoka shule ilikuwa kushika ncha ya uzi na kuizungusha kwenye mgongo wa kiti, huku sweta likipungua mikononi mwake mstari kwa mstari, trrr, trrr, mlio ambao mpaka leo ukinijia nasinzia. Tukimaliza tunafua ule uzi kwa sabuni ya mche, tunautundika kwenye kamba na kuufungia jiwe chini ili mikunjo inyooke. Rangi iliyopauka aliichemsha na maganda ya vitunguu ikatoka ya asali, na jikoni kukanuka kama mchuzi. Vipande vifupi visivyofaa kitu viliingia kwenye mito tuliyolalia. Hakuna uzi uliotupwa katika nyumba ile.

Sasa, rafiki yangu, ile ilikuwa miaka ya dhahabu. Nyakunguru palikuwa pamechimbika, na kila nyumba ilikuwa na mtu aliyekwenda huko au anayesemwa kwamba amekwenda. Sikumbuki wakati mwingine ambao watu walitazamana vile. Jirani akiezeka bati jipya, hakuna aliyempa hongera. Waliulizana lini alikwenda machimboni na alikwenda na nani. Mwalimu wetu wa hesabu alipofika darasani na vumbi jeupe kwenye viatu, sisi wanafunzi tulikanyagana miguu chini ya madawati. Wanawake waliofua nguo za waume zao waliyachuja kwanza yale maji ya beseni kabla ya kuyamwaga, tena wakiwa wamefunga mlango.

Hata bibi hakusalimika. Ilisemwa kwamba ndani ya madonge yake ya uzi kunafichwa dhahabu ya kuvushwa mpakani Sirari. Siku moja mnadani mwanamume mmoja alichukua donge akalitoboa kwa spoku huku na huku, mbele ya watu. Bibi akamngoja amalize. "Umepata?" akamuuliza. "Basi nunua, maana umeshalitoboa."

Mtu aliyetuletea masweta alikuwa Mwislamu wa Tarime mjini, mpole, mwenye baiskeli kubwa nyeusi. Watu walisema asili yake ni Pangani. Kiswahili chake kilikuwa na utamu ambao sisi hatukuwa nao. Sisi tulikisema kwa kukatakata, nusu yake Kikurya. Yeye alisema "Hodi mwenye nyumba" kana kwamba anaimba. Wengine hawakumpenda kwa sababu hiyo tu. Jirani yetu, mama mmoja ambaye uwanja wake na wetu ulitenganishwa na migomba, alikuwa akisema: "Mtu anayeongea vizuri hivyo anaficha nini?"

Na mjomba, mtoto wa mwisho wa bibi, alikuwa ameondoka. Aliaga baada ya mavuno, akasema anakwenda kutafuta kazi ya udereva, na bibi akamfumia skafu ya safari. Naikumbuka vizuri kwa sababu uzi wake nilizungusha mimi. Kulikuwa na kijivu, kulikuwa na rangi ya damu ya mzee kutoka sweta la marehemu babu, na ukingoni kulikuwa na kijani cha sweta langu la shule lililonibana. Tangu hapo hatukusikia neno. Bibi hakuuliza mtu, ila kila aliyepita njiani alimtazama shingoni kwanza.

Siku hiyo muuza mitumba alileta gunia, akanywa maji, akaaga. Mimi ndiye niliyeingiza mkono. Nilitoa sweta la kike, nikatoa boshori lililotoboka, kisha nikatoa kitu kirefu cha kijivu chenye ukingo wa kijani. Nilidhani nimefurahi. Nikasema, "Bibi, angalia, sweta langu."

Alinipokonya. Aliigeuza, akatafuta kwa kidole mahali alipounga uzi. Bibi hakufunga fundo kama wengine. Alizichambua ncha mbili, akazilowesha kwa mate, akazisugua viganjani hadi zikawa uzi mmoja. Hapo akapapata. Upande mmoja wa skafu ulikuwa na doa kubwa la kahawia. Akalinusa. Akanipa na mimi ninuse, sijui kwa nini, labda alitaka mtu mwingine aseme si damu. Mimi sikujua damu iliyokauka inanukaje. Nikamrudishia.

"Mkimbilie," akasema. "Mwambie arudi."

Nilimkuta anapandisha kilima akisukuma baiskeli. Alirudi bila kuuliza. Bibi alikuwa amesimama uani na skafu imening'inia mkononi.

"Baba, hii umeitoa wapi?"

Aliitazama, na mimi niliyekuwa namwangalia usoni niliona macho yake yanakimbilia kwenye gurudumu la baiskeli.

"Nimeinunua Nyakunguru, mama. Kule wanauza nguo zao wakiishiwa."

"Kwa nani?"

"Simjui, mama."

"Hujui jina?"

"Kule watu hawatajani majina."

"Huyo mtu alikuwa hai?"

Muuza mitumba alishtuka. "Astaghfirullah, mama! Mimi nanunua kwa watu wazima, wanaosimama."

Bibi akaikunja skafu. Nyuma ya migomba jani likatikisika, na hapakuwa na upepo. Tulijua sote kuwa jirani yuko pale.

Kesho yake kisimani bibi alisema neno moja. Nilikuwepo, nimebeba ndoo yangu. Wanawake walikuwa wakimngoja, kwa sababu jirani alikuwa ameshawaeleza yake, na yule mama akauliza kwa sauti ya huruma: "Kwani wewe unaonaje?" Bibi akasema, "Naona ni nguo za marehemu." Hakusema zaidi ya hapo. Akajitwisha maji yake tukaondoka. Lakini wiki ile yalikuwa yamezagaa maneno kwamba duara moja, shimo la kuchimbia dhahabu, limetitia na watu chini, na kufikia jioni habari ilikuwa kamili: yule mtu wa pwani anawavua maiti machimboni, anauza nguo zao, na sisi tunazivaa.

Muuza mitumba alikuja mwenyewe asubuhi ya pili. Hakuwa na gunia. Alisema, "Mama, shikamoo. Nimesikia yanayosemwa. Vaa viatu, nikupeleke kwa aliyeniuzia." Bibi akachukua fimbo, akanichukua na mimi. Njia nzima alimwambia, "Tangulia wewe." Nilidhani ni heshima. Baadaye akaniambia alitaka kuiona mikono yake.

Nyakunguru ilikuwa kelele. Karasha zilikuwa zinasaga mawe, maturubai yamefungwa kwenye miti, wanawake wamechuchumaa juu ya matope mekundu wakikosha mchanga kwenye karai, na juu ya yote harufu ya mihogo ya kukaanga. Watu walikuwa weupe kwa vumbi, kope mpaka nywele, hata nisingeweza kumtambua mtu wa kwetu. Kila tuliyemkaribia aliacha kazi. "Mmetumwa na nani?" mmoja akauliza. Bibi akamwonyesha skafu, akataja jina la mwanawe na jina la ukoo. Wakatikisa vichwa. Hawamjui. Tuliuliza huku, tukauliza kule, hawamjui. Uso wa bibi ulikuwa unazidi kuwa mdogo.

Muuza mitumba hakusaidia kuuliza. Alitupeleka mpaka kwenye banda la mama lishe, akaegesha baiskeli, akasema, "Uliza hapa," kisha akaenda kusimama mbali, ametupa mgongo.

Mama lishe aliitazama skafu akacheka kwa nguvu. "Si ya Mkenya hii! Alikuwa anafungia bomba la pampu linalovuja, mpaka ikaingia doa hilo la kutu. Nikamwambia wewe, nguo nzuri hivyo! Jina hilo mnalotaja mimi silijui. Huyu ni Mkenya, wa Migori." Akageuka akaita: "Mkenya! Una wageni!"

Akatokea mtu mweupe kama jivu kutoka nyuma ya mawe. Alipomwona bibi alisimama pale pale. Alikuwa amekonda, ila alikuwa na miguu yake yote miwili na macho yake yote mawili, nilihakikisha. Hakuna aliyesogea. Mimi nilitaka kukimbia nimkumbatie, na nikashindwa kwa sababu ya ule uso wa bibi.

"Mura," bibi akasema, akimwita kijana kwa Kikurya. "Siku hizi mama yako haamkiwi?"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kumbe unajua."

Hapo ndipo bibi alipokaa juu ya jiwe na kulia kwa sauti. Mjomba akachuchumaa mbele yake, akitaka kumshika na kuogopa kumchafua. Alieleza maneno yakiwa yanamkwama. Duara lao halikutoa kitu. Aliona aibu. Alijiita Mkenya ili mtu wa Tarime akimwona asipeleke habari nyumbani, na siku alipouza skafu apate maharage, alimwapisha yule muuza mitumba: akiulizwa na mtu yeyote, aseme hamjui.

Bibi akageuza shingo. Kule mbali muuza mitumba alikuwa bado ametupa mgongo, anafuta baiskeli isiyokuwa na uchafu.

Mjomba hakurudi nasi siku ile. Njiani bibi hakusema tena "tangulia". Alitembea sambamba na yule mtu, na mara kwa mara akafungua mdomo na kuufunga. Kwa bibi yangu kuomba radhi kwa mtu wa umri wa mwanawe lilikuwa jambo ambalo hakufundishwa.

Siku ya mnada tulikwenda. Mbele ya belo la muuza mitumba palikuwa patupu, watu wanapita upande wa pili kama kuna nyoka. Masweta kadhaa yalikuwa yametupwa kwenye tope, yeye ameinama anayakung'uta. Bibi hakumsalimu. Alitandika khanga yake pale chini, mbele kabisa, akavua sweta lake akavaa moja la yale ya matope, akatoa spoku zake akaanza kufuma. Kila mwanamke wa Nyarero aliyepita, bibi alimwita kwa sauti: "Mwanangu ni mzima! Nimemwona kwa macho yangu! Mimi ndiye niliyesema vibaya!" Wengine walisimama. Wengine walicheka. Jirani yetu alisema, "Amepewa dawa huyu," akapita. Bibi alikaa pale jua likawaka, likapoa, na mimi nikiwa pembeni naunga uzi kwa mate. Watu walianza kurudi mmoja mmoja, kwanza kugusa, halafu kununua. Muuza mitumba hakumsemesha mpaka alasiri, alipomwekea kikombe cha chai ya tangawizi miguuni, akasema, "Mama, chai inapoa." Bibi akaipokea kwa mikono miwili.

Yalipita hayo, na hayakupita. Mjomba alirudi mvua za kwanza bila hata punje ya dhahabu, akashika jembe. Lakini watu walizoea kunusa nguo, na bibi mwenyewe aliendelea kunusa, nadhani kwa kujiadhibu. Muuza mitumba alihamia Mugumu baada ya muda. Alisema biashara ni nzuri zaidi kule, na hatukuuliza mara mbili. Siku hizi pale tulipoacha njia kuelekea machimboni kuna uzio, na Nyarero sijui nyumba hata moja ambayo bado inafumua sweta. Masweta mapya ya bei rahisi yamejaa. Yakichoka yanatupwa kwenye korongo. Ule mlio wa trrr siusikii popote. Wala sioni tena mtu akipokea kitu mkononi mwa mwenzake na kukivaa hapo hapo, kama tulivyofanya kabla ya dhahabu.

Bibi alipofariki, muuza mitumba alikuja msibani kutoka Mugumu, mzee sasa, ameshikilia fimbo. Alikaa mwisho wa benchi. Wanawake wawili watatu wa rika la jirani yetu wakainuka polepole, wakajifanya wanafuata kivuli. Nikamwona anatazama chini. Mjomba alikuwa amekaa mbele na wanaume wa ukoo, mahali pake kama mwana wa marehemu. Akanyanyuka mbele ya watu wote, akapita katikati ya uwanja, akaketi pale kwenye benchi lililobaki tupu, bega kwa bega na yule mzee. Walikaa hivyo, wawili tu, mpaka tukabeba jeneza.